Masaa Yangu Yahesabiwe

Jumatatu, 5 Mei

Nimetoka ofisini kwa Dakta Haverstock na hasira bado hazijanitoka. Huyu ndiye mama anayetushauri sisi wote wa chuo hiki tunaotaka kusomea udaktari. Nilimpelekea fomu yangu aone kama shughuli zangu za nje ya darasa zinatosha kwa vyuo vile kumi vya juu. Sikwenda kuomba ushauri. Nilikwenda kupongezwa.

Fomu ina visanduku kumi na tano. Nimejaza kumi na vinne! Miaka miwili ya kuosha chupa maabara. Mwanzilishi na rais wa Chama cha Kutetea Figo. Siku tatu za kumfuata daktari wa miguu huku na huko nikimtazama anavyokata kucha. Mbio za kuchangia saratani, ambazo nilikimbia kwa kweli, isipokuwa ile sehemu ya mlima. Yeye akavaa miwani, akasoma taratibu, akavua miwani.

"Clifford," akasema, "kuna vitu kumi na vinne hapa, na sioni mtu hata mmoja."

Nikamwambia mtu ni mimi. Akasema anazungumzia mgonjwa. Kisanduku cha kumi na tano, kile cha kukaa na wagonjwa, nina masaa kumi na moja tu. Nikamuuliza yanatakiwa mangapi. Akasema si suala la idadi. Nikamuuliza tena. Akasema, kijana, si idadi. Nikamuuliza mara ya tatu, akashusha pumzi na kusema kwamba wanaopita huwa wana kama mia na hamsini. Si angesema tangu mwanzo!

Kamati inakaa Jumatano ya wiki ijayo. Inatoa barua za aina tatu: anapendekezwa sana, anapendekezwa, na asubiri mwaka. Bila ile ya kwanza vyuo vya juu havifungui hata bahasha. Nikipewa ya tatu, nakaa mwaka mzima na Baba kubandika vigae kwenye mabafu ya watu wa Parma. Baba ameshaninunulia vikinga-magoti. Ameviacha kitandani kwangu.

Nimepiga hesabu. Masaa mia moja thelathini na tisa kwa siku tisa. Kumi na tano na ushei kila siku. Inawezekana, mradi nisilale sana wala nisiende darasani.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda Maple Glen, nyumba ya wazee iliyo nyuma ya uwanja wa magari. Nimefika saa mbili asubuhi na nani namkuta mapokezini, amevaa fulana yenye jina lake mgongoni? Meredith Achterberg.

Sipendi kumwandika huyu mtu, karatasi inachafuka. Tumeanza chuo siku moja. Kila nikianzisha kitu, yeye ameshakianzisha wiki moja kabla, na chake kina nembo. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya kumfariji mfiwa, kwamba nimechelewa kidogo. Alikuwa na masaa mia nne na kumi. Sikumuuliza. Kaniambia tu.

Bi Darlene, msimamizi wa wanaojitolea, akanionesha ratiba. Wazee waliokubali kutembelewa ni ishirini na sita. Wanafunzi waliojiandikisha ni arobaini na mmoja. Alisema kila Mei tunawatokea kama kumbikumbi, na ikifika Juni haonekani hata mmoja. Kuna babu mmoja mwenye ugonjwa wa moyo ana wageni watano kwa siku na ameomba afungiwe mlango. Aliyebaki bila mtu ni mmoja tu, Bi Ottilie Krantz, miaka tisini na mmoja. Nikauliza kwa nini hana mtu. Bi Darlene akaanza kupanga vikombe.

Nimejua kwa nini. Bi Krantz alikuwa karani wa mahudhurio katika shule ya sekondari kwa miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa kukamata watoro. Anaketi kwenye kiti chake cha magurudumu na daftari mapajani. Nilipoingia hakusema habari. Alisema, "Nowicki, Clifford. Dakika nne umechelewa." Akaandika!

Masaa matatu nimemsomea matangazo ya vifo gazetini. Akisikia jina la mwanafunzi wake wa zamani ananiambia alikuwa mtoro au hakuwa mtoro. Basi. Hakuna cha maana hata kimoja nilichoweza kukitia kwenye fomu. Nilimuuliza kama ana maumivu yoyote, kidogo tu, akasema ndiyo, yameanza asubuhi hii.

Jumla: masaa kumi na manne.

Jumatano, 7 Mei

Akili ni nywele zangu mwenyewe! Nimegundua jambo. Pale mlangoni kuna mashine ndogo ukutani. Unaingiza namba yako ukiingia, unaingiza tena ukitoka, yenyewe inahesabu. Mashine haijui ulikuwa wapi katikati.

Saa kumi na mbili kamili asubuhi nimeingiza namba. Saa kumi na mbili na dakika nne nilikuwa nje naelekea kwenye mtihani wa takwimu. Mpango: kurudi saa mbili usiku, kuingiza tena. Masaa kumi na manne bila kumsomea mtu kifo!

Nimerudi. Bi Darlene ananisubiri mlangoni, hajavua koti. Mkononi ana ukurasa uliochanwa kwenye daftari. Mwandiko wa karani, umenyooka: *Nowicki alitoka 12:04, begi begani, anatafuna mkate.* Yule mama analala chumba kinachotazama mlango! Miaka ishirini na sita tangu astaafu na bado anakamata watu!

Masaa yote kumi na manne yamefutwa. Bi Darlene kaniambia taratibu kabisa kwamba nikirudia, sitakanyaga tena pale na Dakta Haverstock atapigiwa simu. Nimesonya, lakini baada ya kufika kwenye maegesho.

Mwenzangu wa chumba, Tobias, anayesomea kupiga zeze kubwa na hana shida yoyote duniani, kaniuliza kama nimewahi kufikiria kukaa tu na huyo bibi. Nimemwambia ajali mambo ya zeze lake.

Ijumaa, 9 Mei

Siku mbili nimefikiri. Jawabu ni uongozi. Saa moja ya kukaa na mzee ni saa moja. Saa moja ya kukaa na mzee ukiwa *rais wa chama cha kukaa na wazee* ni saa moja ya huduma na saa moja ya uongozi. Inahesabika visanduku viwili! Ajabu gani sikuliona hili mapema.

Nimeanzisha Umoja wa Masikio, wa kuwasikiliza wazee. Ofisi ya wanafunzi inadai sahihi kumi. Nimezunguka maktaba nzima. Kila niliyemwomba aliuliza cheo kwanza. Nikasema mwanachama. Wakacheka, wakarudi kusoma. Nani ataandika "mwanachama" kwenye fomu? Wote wanaomba vyuo hivyohivyo!

Basi nikagawa vyeo. Mpaka saa nane mchana nilikuwa na makamu wa rais kumi na mmoja. Makamu wa mikakati, makamu wa maono, makamu wa uhusiano wa ndani, makamu wa uhusiano wa nje, na jamaa mmoja mpole aitwaye Everett niliyemfanya makamu wa vitafunio. Kikao cha kwanza kikavunjika kwa sababu viti vilikuwa vimerundikwa kona na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kubeba viti. Tulikutana tumesimama. Kumbukumbu za kikao hazikuandikwa, maana katibu ni mdogo kwa makamu.

Saa kumi nikawapeleka wote Maple Glen. Watu kumi na wawili chumbani kwa Bi Krantz! Everett alikaa kwenye dirisha. Bi Krantz akafungua daftari, akaita mmoja mmoja, akauliza cheo, akaandika. Alipomaliza akatutazama juu ya miwani.

"Na mwanachama ni nani?"

Makamu wote wakanitazama mimi.

"Basi viongozi wote watoke. Abaki mwanachama."

Tukatoka wote. Na mimi nikatoka, rais ni rais. Tumefika nje ndipo nikakumbuka kwamba nilihitaji yale masaa. Nimechukia mpaka meno yananiuma.

Jumamosi, 10 Mei

MEREDITH.

Kumbe makamu wa maono ni rafiki yake. Jana hiyohiyo jioni Meredith kasajili Umoja wa Masikio wa Ohio Nzima. Una nembo, sikio lenye moyo ndani yake. Asubuhi kaniandikia ujumbe mzuri sana kunikaribisha na kikundi changu tujiunge kama tawi. Sasa mimi ni rais wa tawi la kitu nilichokianzisha mwenyewe!

Makamu tisa wameshahamia kwake. Kule kila mmoja ni mkurugenzi.

Nimemfuata mpaka mgahawa wa chuo nimwoneshe. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Nikamwambia ni mwizi. Akaweka kijiko chini akaniambia kwamba anaona nina maumivu, na kwamba amejifunza kuwasikiliza watu wenye maumivu. Halafu akatazama saa! Naapa alikuwa ananihesabu! Nimeondoka nimesahau sinia yangu na kofia.

Nimebakiwa na makamu wawili, Everett na mwingine ambaye sijui jina lake. Masaa: kumi na manne palepale. Siku nne.

Baba amepiga simu akauliza saizi yangu ya kiatu cha kazi. Nimekata.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya akina Mama. Nilijua wenzangu wote watakuwa makwao wanakula, kwa hiyo Maple Glen itakuwa wazi kwangu. Mama alikuwa na chakula cha mchana kwa Bibi, pierogi, yale maandazi ya Kipolandi yenye viazi ndani, na soseji, saa saba. Nikasema nitapita kwa wazee kidogo kwanza. Nilimnunulia Mama maua, nikachomoa moja, la njano, la kumpa Bi Krantz. Mtaji.

Mlango wa mbele haukuingilika. Watoto, wajukuu, keki, maputo, watu wamejazana mpaka kwenye ngazi. Nikazunguka nikapitia mlango wa jikoni. Ilikuwa saa sita kamili.

Bi Krantz alikuwa peke yake kitandani. Hakusema nimechelewa. Hakusema kitu. Uso mwekundu, anapumua kwa shida, kifua kinalia. Daftari lilikuwa sakafuni. Nikaenda mbio kumwita nesi, Renata, ambaye leo alikuwa na wazee thelathini na msaidizi mmoja. Renata akampima, akampigia daktari wa zamu, akataka kuita gari la wagonjwa. Bi Krantz akakataa katakata, akasema hospitali haendi, amemzika mume wake kutoka hospitali ileile. Daktari akasema anakuja. Renata akamwekea mpira wa hewa puani na kuniambia nikae nimshike mkono asiuchomoe, kwa sababu yeye ana mwingine ameanguka chumba cha tisa.

Nikakaa. Mkono wake ulikuwa moto na mwepesi mno. Aliniuliza kama simu imelia. Ana mtoto wa kiume Tucson, huwa anapiga siku hii saa nane. Nikasema bado. Baadaye akauliza tena, nikasema bado.

Halafu akaogopa. Sijawahi kuona mtu mzima anaogopa vile, anazungusha macho kama amepotea stendi. Akaanza kuita majina. Abernathy, Donald. Adler, Ruth. Nikadhani amechanganyikiwa. Akanitazama kwa hasira akaita tena, Adler, Ruth, na nikaelewa anasubiri. Nikasema, "Nipo." Akatulia. Akaita Baumgartner, nikasema nipo. Akaenda hivyo darasa zima la mwaka wa sabini na moja, kwa mpangilio wa alfabeti, na mimi namwitikia kila mmoja. Alipofika kwenye N akasita kidogo.

"Nowicki, Clifford."

"Nipo."

Akaendelea mpaka Zimmer. Daktari alipofika alikuwa amelala, pumzi imeshuka. Ni kifua, kasema, kimewahiwa. Dawa, na kesho apimwe tena. Renata alinipiga begani. Simu haikulia.

Nimeondoka nikiwa mwepesi, sijui niseme vipi. Nilitembea mpaka kituo cha basi bila kufikiria kitu chochote. Upepo ulikuwa mzuri. Nikawaza nimnunulie Bi Krantz kalamu mpya.

Na hapo kituoni ndipo nikakumbuka. MASHINE! Nimepita jikoni! Sikuingiza namba! Tangu saa sita mpaka saa tisa na dakika arobaini! Masaa matatu na dakika arobaini, tena ya mgonjwa wa kweli, mwenye homa ya kweli, YOTE BURE!

Nimepiga nguzo ya kituo teke. Kidole kimevimba. Kufika kwa Bibi chakula kimekwisha, na Mama hakuninunia hata, jambo ambalo ni baya zaidi. Aliuliza ua moja limekwenda wapi.

Jumatatu, 12 Mei

Saa mbili asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya Bi Darlene. Nimemweleza kila kitu. Kasema Renata amemwambia, na kwamba anashukuru kutoka moyoni. Nikasema kutoka moyoni hakuna kisanduku, aniingizie masaa. Kasema bila namba kwenye mashine hawezi, sheria ni sheria, hasa kwa mtu kama mimi mwenye rekodi ya tarehe saba. Nikasema basi aniingizie mawili. Kasema hapana. Moja na nusu? Akainuka kwenda kuangalia vikombe vyake.

Nikaenda kwa Bi Krantz. Ameketi, amechanwa nywele, rangi imerudi. Mapajani daftari. Alinitabasamia! Sikujua ana meno ya mbele. Akaniambia nivute kiti.

Sikuwa na muda wa kiti. Nilimwambia kamati ni keshokutwa na mashine imeniibia. Kwamba yeye ndiye shahidi pekee. Nikamwomba aniandikie barua kuthibitisha masaa matatu na dakika arobaini, ikiwezekana aseme manne.

Lile tabasamu likaondoka.

"Jana ulikuja kwa ajili gani, Clifford?"

Nikasema kwa ajili ya masaa. Kweli ndiyo hiyo. Ningedanganya angenikamata.

"Na ulikaa kwa ajili gani?"

Hili swali nikaona halina maana, nikamwambia nilikaa kwa sababu Renata alisema nikae. Akatikisa kichwa polepole. Akaniambia nisimame nje. Nimesimama nje dakika ishirini nikisikia kalamu. Akanipa bahasha, ameibandika na kupiga sahihi juu ya gundi, kama walivyofanya zamani ili watoto wasifungue. Nimejaribu kuiangalia kwenye taa, kwenye dirisha, na juu ya birika. Haisomeki. Karatasi nzito ya kizamani!

Lakini barua ni barua. Kwanza imeandikwa na mgonjwa mwenyewe. Meredith ana masaa mia nne na hana barua ya mgonjwa. Nimelala mchana nikicheka.

Jumatano, 14 Mei

Kamati. Watu watatu nyuma ya meza ndefu: Dakta Haverstock, profesa wa kemia mwenye ndevu, na daktari wa moyo aliyestaafu, mzee mwembamba aitwaye Dakta Lindgren. Nilivaa suti ya Baba. Mikono ya koti inanifika vidoleni.

Dakta Haverstock akafungua bahasha, akasoma kimya. Akaisoma tena. Akampa Dakta Lindgren. Halafu akaniuliza kama najua imeandikwa nini. Nikasema sijui, lakini nakubaliana nayo. Akanisomea kwa sauti, na nimeikariri hata bila kutaka:

"Clifford Nowicki alikuja Jumapili kupitia mlango wa jikoni. Alikaa nami tangu saa sita mpaka saa tisa na dakika arobaini. Hakutazama saa hata mara moja, na mimi nawajua watu wanaotazama saa. Jumatatu asubuhi alirudi kuomba yahesabiwe. Ninaandika yote mawili kwa sababu yote mawili yalitokea."

Damu ikanichemka. Mstari wa nne ulikuwa wa nini? Nani alimwomba mstari wa nne?

Dakta Lindgren akaishika ile karatasi kwa mikono miwili. Akasema katika miaka kumi na mbili ya kamati hii hajawahi kuona mistari mitatu ya kwanza mizuri kama hiyo. Akanisogelea mezani. "Achana na fomu," akasema. "Tuambie ile Jumapili tu. Alipokuwa anaita yale majina na wewe unaitikia, ulikuwa unafikiria nini?" Kumbe walikuwa wameshampigia Renata.

Nikaiona ile N. Nikafungua mdomo, na nadhani kulikuwa na kitu kinakuja.

Lakini yule wa kemia akachukua kalamu! Nikajua anasubiri takwimu. Nikasema ilikuwa masaa matatu na dakika arobaini, na kwamba kwa haki kabisa yanapaswa kuhesabiwa manne. Dakta Lindgren akauliza tena, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Ulikuwa unafikiria nini? Nikasema sasa hivi ninachofikiria ni ile mashine. Nikawaeleza kasoro zake zote. Kwamba ingekuwa na tawi jikoni yasingetokea haya. Kwamba niko tayari kuanzisha mradi wa kuirekebisha, nikiwa mwanzilishi na rais. Nilizungumza dakika kumi. Nilichora mlango wa jikoni kwenye karatasi yao. Nilizungumza vizuri, kwa hasira lakini kwa mpangilio.

Nilipomaliza Dakta Lindgren alikuwa ameikunja ile barua na kuirudisha kwenye bahasha. Akanishukuru. Nadhani yeye ndiye tatizo, ana umri.

Ijumaa, 16 Mei

Asubiri mwaka.

ASUBIRI MWAKA!

Meredith kapewa "anapendekezwa". Si "sana"! Ananipita kwa ngazi moja tu, lakini analia korido nzima na makamu wangu wa maono anamshikia mkoba. Kwa dakika moja nilimwonea huruma. Halafu akaniambia anaona nina maumivu.

Nimekwenda kwa Dakta Haverstock nikiwa natoa moshi. Nikamwambia wamenionea, wamehukumu mtu kwa mstari mmoja wa bibi wa miaka tisini na mmoja. Hakukasirika. Akafunga mlango, akaketi upande wangu wa meza.

"Nilikuwa naomba Mungu useme kitu chochote kuhusu yule mama," akasema. "Hata kimoja. Ningekupa barua ya kwanza palepale, na Lindgren pia."

Nikasema nilisema kuhusu mlango. Akafumba macho. Akaniambia sikiliza, Clifford, uliweza kukaa. Watu wengi hawawezi, na hakuna shule inayofundisha. Huo mwaka nenda kwa yule mama kila Jumapili. Usiingize namba, usiandike popote, usianzishe chama chochote. Nenda ukakae. Mwakani urudi kwangu unieleze yeye ni nani, bila namba hata moja, na mimi mwenyewe nitakuandikia.

Machoni alikuwa na maji. Sikujua nitazame wapi, nikatazama saa.

Nyumbani Baba alisikia habari akanishika bega kwa mkono wenye saruji. Tunaanza Jumatatu, bafu la watu wa Ridge Road. Mama alinipakulia chakula mara mbili. Sikula. Nilikula mara ya pili.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeamka mapema, hasira imepungua, kichwa kimetulia. Nimeyafikiria yale maneno ya Dakta Haverstock kwa moyo mweupe. Ana haki. Nilikuwa nimekosea njia nzima. Nilikimbilia kuandika kila kitu, kumbe wanachotaka ni mtu asiyeandika!

Na hili hakuna mwenye nalo. Meredith ana masaa mia nne, yote yameandikwa. Hana hata dakika moja ambayo haijaandikwa! Nimefungua fomu ya mwakani, kisanduku cha kumi na tano, na nimekijaza papo hapo wakati wazo bado moto: *Huduma ya Kimya kwa Wazee. Kutembelea bila kuhesabu. Mwanzilishi.* Fomu inaruhusu kutia masaa yanayotarajiwa, nikayatia. Jumapili hamsini na mbili, masaa manne kila moja.

Kilichobaki ni kumwarifu Bi Krantz. Nimempigia saa nne. Alipokea mwenyewe, sauti imepona kabisa. Nikamwambia kwamba kuanzia kesho nitakuwa nakuja kila Jumapili. Akaniuliza kwa ajili gani safari hii. Nikasema kwa ajili ya kukaa tu, bila sababu yoyote. Nikasikia anavuta pumzi, na aliposema tena sauti yake ilikuwa laini, karibu ya kulia. Akasema vizuri sana, Clifford. Akasema atamwambia Renata aweke kiti cha pili. Halafu akauliza kwa sauti ileile laini, kama anayeuliza kama nakunywa chai na sukari, kwa mwaka mzima itakuwa jumla ya masaa mangapi.

Nikamjibu hapohapo, mia mbili na nane.

Kakata simu. Wazee wa siku hizi hawana adabu kabisa.